Mbuzi Wafupi wa Kamanthe

Kwa miaka kumi na tisa nimehasi mbuzi wa watu hapa Kola, na ni wa Kamanthe pekee walionitia aibu. Mimi naitwa Ngui. Watu huniita daktari, ingawa cheti changu kinasema msaidizi wa afya ya mifugo, na sijawahi kumsahihisha mtu.

Kamanthe ni mjane wa miaka hamsini na kitu, mama wa wavulana wawili, Musili na Bonface, na mwimbaji wa kwaya ya Kikatoliki ambaye huanza wimbo kabla mwalimu hajainua mkono. Ana mbuzi ishirini na mmoja, wote wafupi. Si ufupi wa kawaida. Jirani yake aliwahi kujenga ua wa kuzuia kuku, mbuzi hao wakapita. Lakini ni wagumu ajabu: kiangazi kikibana wanaokota maganda ya migunga na wanaendelea kuzaa tu. Mradi fulani ulituletea beberu mrefu mweupe wa kuboresha kizazi. Alisimama kivulini miezi mitatu akitutazama kama mgeni aliyekosewa heshima, kisha kiangazi cha kwanza kikamchukua.

Aprili mwaka jana Kamanthe aliniita nimhasi kidume chake Meja. Meja alikuwa na miezi mitatu tu na tayari alikuwa anamkaribia mama yake kwa kimo. Kazi yake ilishapangwa: Desemba, Bonface, mwana wa pili wa Kamanthe, angepeleka mbuzi wa ntheo, Meja akiwamo, kwa kina Mwikali, mchumba wake, huko Kithyoko. Kwetu bila ntheo hujaoa, hata mkiwa na watoto watatu. Ni majike wawili na dume mmoja nono anayechinjwa mbele ya wakwe. Na dume hanenepi vizuri asipohasiwa. Hukonda kwa kukimbizana na majike, na nyama yake hunuka.

Nikatoa koleo langu la kuhasia. Kamanthe akanishika mkono.

"Ngoja kwanza, daktari. Angalia hii."

Ilikuwa picha ya ntheo yake mwenyewe, ya mwaka wa tisini na tatu. Baba mkwe wake amesimama na dume anayemfika mshipini.

"Hawa wangu ni damu moja na huyu," akasema. "Mama mkwe ndiye alinipatia. Sasa huu urefu ulipotelea wapi?"

"Ni ukame, Mama Musili. Lishe imepungua."

"Ukame gani? Meja amekula nini wengine hawajakula?"

Nikajifanya kukagua koleo. Mtu wa cheti hapendi swali la namna hiyo.

"Wewe kila mwaka unakuja hapa," akaendelea. "Unahasi nani?"

"Yule mkubwa. Si wewe ndiye unanionyesha?"

"Na wale wadogo?"

"Hao tunaacha. Utawanenepesha wafike wapi?"

"Na majike wangu wanapandwa na nani?"

Koleo likawa zito mkononi. Niliona aibu, nasema kweli. Chuoni tulifundishwa jambo hili wiki nzima: mazingira huchagua, anayeyafaa huishi na kuzaa, na watoto hurithi kile kilichomwokoa mzazi. Nilipata alama nzuri. Lakini kichwani mwangu mchaguzi alikuwa simba, au njaa, huko mbugani kwa watalii. Sikuwahi kufikiri kwamba kwa mbuzi wa Kamanthe mchaguzi ni mimi. Kila mwenye mwili tulimhasi tukamla Krismasi. Kila kibeti tulimwacha, akazaa. Katika boma lile udogo ndio uliokuwa kinga.

Tena kulikuwa na ujanja wa pili ambao nilikuwa nikiucheka bila kuuelewa. Wale wadogo walibalehe mapema mno. Nilishaona kidume cha miezi minne, ndevu hakina, kikijinyunyizia mkojo usoni na kubenua mdomo mbele ya majike kama mwenye mji. Sasa ikaniingia. Anayekawia kukua, koleo humkuta hajaacha mtoto hata mmoja. Anayewahi, kazi ameshamaliza. Mimi na walionitangulia tumefanya hivyo miaka thelathini, halafu tunalaumu mvua.

"Basi Meja hahasiwi," Kamanthe akasema. "Nishikie hao wengine."

Siku hiyo nilihasi madume wanne wafupi, na kila mmoja alinitazama kwa mshangao.

Bonface alipopata habari alinijia mbio. Bonface ni kijana mfupi, mpole, fundi wa kuchomelea vyuma pale Kyumbi, na kila jioni hurudi kwa mama yake. Kaka yake Musili ndiye mrefu, ndiye kichwa, yuko Kanada mwaka wa sita. Mtu wa Kola akiuliza habari za boma lile, huwa anauliza habari za Musili.

"Daktari, ongea na mwaitu," akanisihi. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama. "Hao watu wa Kithyoko wako na mbuzi kubwa kama ndama. Nikienda na haka kadogo, watanicheka mpaka mto Tana. Wanaweza kuninyima Mwikali."

"Mama yako amekataa."

"Najua amekataa. Ingekuwa ni Musili anaoa, angetoa Meja."

Maneno hayo nilimfikishia Kamanthe, pengine kwa kiherehere changu. Aliendelea kupepeta ndengu, na siku hiyo hakuimba.

Desemba ikafika. Tulikwenda Kithyoko kwa pikapu ya kukodi, tukiwa na majike wawili na dume mmoja aliyenona vizuri, lakini aliyenifika gotini. Meja alibaki Kola, amekonda, ananuka hadi barabarani, na majike kumi na mmoja walikuwa na mimba yake.

Msemaji wa ukoo wa Mwikali alikuwa baba yake mkubwa, Laban. Alimzunguka yule dume mara mbili. Watu wakaanza kukohoa vikohozi visivyo na mafua. Mwikali alikuwa mlangoni pa jikoni akitazama ardhi, na Bonface alikuwa akitokwa jasho ndani ya suti.

"Mama Musili," Laban akasema, "hii ndiyo mbuzi kubwa iko kwenu?"

Nilikuwa na uongo mzuri tayari, wa ukame. Kamanthe akaniwahi.

"Hapana, mzee. Kubwa iko nyumbani. Nimeiacha izae."

Vikohozi vikakatika. Kumpa mkwe cha pili, halafu unamwambia! Mimi nilishaanza kutafuta pikapu kwa macho. Kamanthe akaeleza yote, picha na koleo, na jina langu akalitaja mara tatu bila sababu ya kutosha. "Miaka yote tumetoa bora, tukabaki na masalio," akamaliza. "Mimi nimechoka na masalio."

Laban akamtazama Bonface kuanzia viatuni kwenda juu. Haikumchukua muda mrefu.

"Nasikia uko na vijana wawili," akasema. "Mmoja ako Kanada. Sasa huyu umetuletea, ni yule bora ama ni yule alibaki?"

Hasira ilinipanda. Swali gani hilo la kumuuliza mama mbele ya mwanawe? Bonface aliinamisha kichwa kama mtu aliyelitarajia maisha yake yote.

Kamanthe akasimama.

"Mzee, mbuzi nimewapa. Kijana sijawapa. Nimekuja kuomba msichana, na nikimaliza kuomba, huyu narudi naye nyumbani. Kwangu siku hizi bora haitoki."

Laban akacheka, kicheko cha tumboni, akaagiza kisu kiletwe dume achinjwe kabla maji ya moto jikoni hayajapoa. Mlangoni pa jikoni wanawake wakapiga vigelegele.

Bonface aliinama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba, lakini alikawia huko chini, nami nikasogea mbele yake ili watu wasimwone.