Flashi ya mu pindo ya kitenge yangu

Weye, ulisha kuona koko muzima, bibi mwenye wajukuu, anasikilia wivu ordinatere, ile kompyuta? Njo miye huyu.

Tulikuwa tumekimbia vita Bihambwe, tukafika Kitshanga, miye na mujukuu yangu musichana, ule alikuwa anasoma mambo ya ordinatere Goma. Siye tukikimbia, hatuweke vitu vyote ku kichwa ya muntu moja. Chungu kwa mama, chumvi kwa mutoto: moja akipotea, wengine watakula. Basi mujukuu naye aligawanya kazi yake na karatasi za programu mu flashi mbili. Moja akabeba yeye. Ya pili akafunga mu pindo ya kitenge yangu, sababu ku barieri baaskari hawachunguzake sana bamama wazee.

Ordinatere yenyewe aliipata kwa Mama moja wa Butembo, mwenye duka na umeme ya jua. Ule Mama alimupa chai na mandazi, akamuita mutoto yangu. Kila siku mujukuu anarudi ameshiba. Sombe yangu, majani ya muhogo nilipika, inalala mu chungu. Nilisikia moto hapa, ku kifua.

Siku moja akarudi na huzuni. Programu yake ya C, luga ya ordinatere, imekatala. Asema kule mwanzo unaandikaga jina ya kakaratasi moja, stdio.h, yenye inaambia ordinatere namna ya kuandika ku kioo. Ordinatere inaitafuta, haiione. Aliangalia kama aliandika jina vibaya, hapana. Akafungua dosye yenye karatasi hizo zinakaaka, ile banaita include: wazi, kama gala wakati ya njaa.

"Koko, flashi nilifunga mu kitenge yako, iko?"

Nikamuambia labda ilianguka ku njia. Na vile nasema, ilikuwa inanigonga ku kiuno.

Nilifikiri atachoka, aache ile duka. Wapi! Akazidi kukaa kule, anatafuta ile karatasi mu kila kona ya masini, mupaka ule Mama akamutandikia godoro. Nikakuta ule Mama ku soko, anacheka meno yote inje.

"Mutoto wetu iko na nguvu, Mama."

"Wetu? Ulimuzalia wapi?"

Lakini nilirudi nyumbani nikaona chungu yangu, sombe ya jana na ya juzi. Kumbe njo miye mwenye nilimufukuza. Nikaenda ku duka, nikafungua pindo mbele yao wote wawili.

"Nilidanganya. Nilikuwa na wivu."

Ule Mama akacheka mupaka akashika meza.  Mujukuu akaweka flashi, akahamisha karatasi zote mu include, akajaribu tena. Ikakubali mara moja. Alinikumbatia na nguvu, mupaka kilemba yangu ikaanguka.

Kisha akachomoa flashi, akaifunga tena mu pindo yangu, fundo mbili.

"Koko, ikae hapa. Nikiihitaji, nitakuja kuiomba kwako kila jioni, na nitakula sombe kabla ya kuishika."