Plasta Iliyonuka Dari

Mguu wa mtoto ulikuwa unanuka dari mpya.

Msinicheke. Kaka yangu ni fundi wa dari za jipsamu, harufu ile naijua hata usingizini.

Mtoto ni wa dada yetu. Alizaliwa mguu wa kushoto umepindia ndani. Maneno ya kuomba mchango wa matibabu niliyatunga mimi, na watu walituma huku wakilia. Kaka ndiye aliyeshika pesa, na ndiye aliyempeleka mtoto kliniki kubadilishwa plasta.

Mwanzoni plasta ilifika pajani. Hii mpya iliishia chini ya goti.

“Mbona fupi?” nikamuuliza kaka.

“Umesomea mifupa lini, mama diploma?”

Nikamgeukia mtoto. Alikuwa amenyamaza. Hakulia tena, alituangalia tu. Nikamshika vidole vya mguu. Baridi. Rangi ya majivu.

Nikampigia nesi wa kliniki. Aliyoniambia sikumwambia mtu. Nilimwomba tu aje haraka.

Alifika sebule imejaa wachangiaji waliokuja kumwona mtoto. Kaka alikuwa katikati yao, anashukuru kwa sauti ya msiba.

Nikaingia na beseni la maji ya uvuguvugu.

“Hiyo ya nini?” akauliza kaka.

“Ya kulowekea plasta.”

“Weka chini hiyo.”

Nikaweka chini. Na mguu wa mtoto nikautia ndani.

Kaka alisimama, nesi akasimama mbele yake.

Plasta ililegea vipande vipande. Ndani yake, badala ya bandeji, mlikuwa na ule utepe wa nyavu wa kuzibia maungio ya dari.

Mguu ulikuwa umepinda upya.

“Mguu huu tulishaunyoosha,” nesi akasema. “Ulibaki kuvalishwa viatu vya chuma tu, usirudi kupinda. Huyu bwana hakurudi tena.”

Dada alimgeukia kaka. “Kwa nini?”

Alijibu taratibu, kama anamweleza mteja. “Wangeuona umenyooka, nani angechanga?”

Dada akambeba mtoto, wakaondoka na nesi kwenda kliniki.

Vidole vimepata joto. Matibabu yameanza upya, na mtoto analia usiku kucha. Kilio hicho nakipenda.

Ukichangia mguu wa mtoto, omba kuuona mguu, siyo plasta.

Mama anasema nimemvua nguo kaka mbele za watu, niende nikamwombe radhi.

Siendi. Na radhi siombi.