Mapadri Waliolala Sidab

Juzi, kule ufukweni Bustan, nilimwona binti wa Kiganda akilia peke yake kwenye benchi, nikamkumbuka Prossy, yaya wangu wa utotoni, naye Mganda.

Alasiri moja, nilipokuwa mdogo, bibi yangu alitupeleka mimi na Prossy Sidab, kijiji cha wavuvi. Upepo ulinuka dagaa walioanikwa mchangani. Bibi akatuonesha mawe fulani chini ya jabali.

"Hapa wamelala mapadri Wajesuiti," alisema. "Walikuja na Wareno zamani, wakielekea Goa. Maradhi yakawakuta hapa bandarini, wala hawana jamaa."

Bibi alipokwenda kutawadha, Prossy alipiga magoti penye mawe, akafanya ishara ya msalaba, kisha akaangua kilio. Mimi nilidhani mapadri wamelala usingizi.

"Nyamaza, Prossy! Utawaamsha!"

Alinitazama, akajiziba mdomo kwa mtandio. "Nisamehe, mtoto wangu," alinong'ona. "Sitalia tena."

Na hakulia, njia nzima mpaka nyumbani.

Nilikuwa mkubwa bibi aliponambia kwamba asubuhi ya siku ile ya Sidab Prossy alipigiwa simu kutoka kwao. Mama yake alikuwa amefariki, na sisi hatukumpa ruhusa ya kwenda kuzika. Pale penye mawe ndipo pekee alipopata pa kumlilia, nami nikamnyamazisha.