Mwonjaji wa Mwalimu Nyangeta

Harufu ya kitunguu kinachoanza kuungua hunirudisha Musoma, kwenye banda la bati lililokuwa juu kidogo ya ziwa, mahali ambapo dagaa walianikwa juu ya mawe na upepo ukaichanganya harufu yao na kila kitu, hata nguo zetu za shule. Bandani hapo vijana walifundishwa kupika bila kulipa ada, kwa michango ya wafanyabiashara wa mjini, Waislamu na Wakristo. Kituo kiliongozwa na Mwalimu Nyangeta, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo. Dada yangu Wakuru alikuwa mwanafunzi wake. Alimaliza darasa la saba bila kuchaguliwa kuendelea, na kulikuwa na mtu wa Butiama aliyetaka kumwoa. Baba alikubali jambo moja tu: Wakuru hataolewa kabla ya kumaliza mafunzo. Siku akitoka kituoni, kwa cheti au bila cheti, ng'ombe wataletwa. Nyumbani wote tulilijua hilo.

Nikitoka shule nilipitia pale kungoja ukoko wa wali, na ndipo nilipoona kitu nilichodhani ni mchezo. Wakuru alipita kwenye kila sufuria, akadondoshea mchuzi kiganjani, akalamba. Akigusa sikio, Mwalimu husema chumvi imetosha. Akishika shingo, husema ongezeni. Baadaye nilielewa. Homa kali ilikuwa imemwondolea Mwalimu ladha na harufu. Kwake mchuzi na maji ya kuoshea vyombo vilikuwa kitu kimoja. Wanafunzi walijua, hakuna aliyesema. Wengine husimulia habari hizi kama upendo. Mimi sina hakika. Ni kweli aliwafundisha vizuri, alijua joto la mafuta kwa kuyasikiliza na kuiva kwa sato kwa kumtazama, lakini huenda waliogopa tu kituo kisifungwe wakarudi majumbani kwao, na dada yangu akaolewa.

Kamati ya kituo ilipanga kuleta wageni waliotaka kuchangia. Wiki hiyo hiyo mtu wa Butiama alituma ujumbe kwamba wazee wake wanataka kumwona binti siku ile ile ya wageni. Wakuru aliomba waende siku inayofuata. Baba hakupandisha sauti.

"Wageni wako watakula hata usipokuwepo," alisema. "Wazee wa Butiama watamwona nani?"

Baba na Wakuru wakaondoka asubuhi. Mimi nilikwenda kituoni kama kawaida, nikakuta bandani watu wamevaa kama wa sikukuu. Wasichana wawili walikuwa wametia chumvi katika mchuzi ule ule wa samaki, kila mmoja akidhani mwenzake amesahau. Mwalimu alionja mbele ya wageni, akafikiri kidogo kama wapishi wanavyofanya, kisha akaongeza chumvi kwa mkono wake mwenyewe. Mwenyekiti wa kamati, muuza vitambaa mpole, alikula kijiko kimoja, akakiweka chini taratibu na kuomba maji. Aliuliza kama mchuzi huo umeonjwa. Mwalimu akajibu kwamba ameuonja yeye.

Siku chache baadaye kikao kiliitishwa na wazazi wakaitwa. Wakuru alikuwa amesharudi. Niliketi juu ya mawe nje ya uzio nikisikia kila neno. Mwenyekiti alirudia swali lake, na Mwalimu akasimama.

"Siku hizi sisikii ladha," alisema. "Nilikuwaga na mtu wa kunionjea. Siku ile hakuwepo."

"Ni nani huyo?"

Hakutaja jina. Alimtazama Wakuru, na macho ya watu wote yakamfuata. Mpaka leo sijui kama alikuwa anamwonyesha, au alikuwa anatafuta ishara kama alivyozoea.

Mwalimu aliondolewa, akarudi kwao Bugwema. Mahali pake akaletwa Bwana Magesa kutoka Bunda, aliyewahi kusimamia jiko la hoteli. Alikuja na mizani na vijiko vya kupimia, na akataka kujua ni akina nani walioshiriki kuficha. Wanafunzi wote walisema hawakujua chochote. Wakuru hakuwa na nafasi ya kusema hivyo.

"Binti, ungesema mapema ningekuweka juu ya wenzako wote," Bwana Magesa alimwambia mbele ya baba. "Ulinyamaza. Jikoni kwangu siwezi kukaa na mtu anayenyamaza."

Baba angeweza kueleza nani aliyemzuia Wakuru kuja kituoni siku ile ya wageni. Alisimama, akapangusa vumbi la suruali, akamwambia Wakuru twende. Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha, ng'ombe walikuwa wamefika. Baadhi yao waliuzwa kunisomesha mimi, mpaka chuo kikuu, ambako nilisifiwa kwa kuuliza maswali.

Likizo iliyopita nilipita kituoni. Banda limekuwa jengo la matofali, Bwana Magesa ameota mvi, na vijana wake wanaajiriwa hotelini. Niliagiza sato wa mchuzi kwenye mgahawa wao nikitafuta kasoro. Chumvi ilikuwa sawasawa, na hilo liliniudhi njia nzima hadi Buswahili, huko huko Butiama, alikoolewa Wakuru. Nilimkuta jikoni, moshi umemjaa machoni, mikono imekauka kwa kazi ya shamba. Nikamwuliza kile ambacho nyumbani hakikuwahi kuulizwa: je, Mwalimu alimtoa sadaka ili ajiokoe?

"Aliniangalia kwa sababu alikuwaga ananiangalia," alisema. "Wewe umesoma, mdogo wangu, unataka kila mtu awe na kosa lake."

"Na baba je?"

Alichochea kuni. Akakoroga maharage, akadondoshea mchuzi kiganjani, akalamba, na mkono ukapanda wenyewe mpaka sikioni. Jikoni tulikuwa wawili tu, na hakuwa amenigeukia mimi. Nilipomwuliza anamwambia nani kwamba chumvi imetosha, aliushusha mkono, akaufuta kwenye khanga, akanipa sahani.