Mbeyu na Miti Thelathini Iliyopotea

Saa moja na nusu asubuhi, Mbeyu Kaingu amesimama mbele ya rundo la miti ya mivinje, mikono kiunoni. Hagusi kitu. Anatazama safu ya chini, anainua macho hadi mti mmoja ulio peke yake kileleni, kisha anasema, "Sabini na minane."

Karani Nahashon, daftari kwapani, anaguna.

Hapa ni Kibarani, mjini Kilifi, katika kiwanja cha kuuzia miti ya ujenzi. Mwaka huu wa 1986 hoteli zinajengwa kila upande hadi Malindi, na zege la ghorofa halimwagwi bila miti ya kulishikilia. Biashara ni nzuri. Imani ndiyo haba.

Kiwanjani mna marundo kumi na matano ya kimo kimoja. Safu ya kwanza, ile ya chini, ina miti kumi na miwili. Ya pili ina kumi na mmoja, ya tatu kumi, hivyo hivyo hadi ya kumi na mbili yenye mti mmoja tu.

Mbeyu, mjane wa miaka 43 kutoka Magarini, hakuingia darasani hata siku moja. Ni mwaka wake wa kumi na moja hapa, kwa shilingi ishirini na tano kwa siku, na kazi yake ni kupanga miti na kuihesabu. Hilo la kuhesabu ndilo linalomkwama Nahashon kooni.

"Mtu hajui kuandika jina lake, halafu anaangalia tu anasema sabini na nane?" anasema karani huyo, aliyetoka bara miezi mitano iliyopita. "Hapana. Hapo kuna kitu."

Shaka yake ina tarakimu. Malori yalipokuwa yakishusha, alihesabu mti mmoja mmoja akapata 1,200. Kwa hesabu ya Mbeyu, marundo yote yana 1,170. Nahashon anaamini kwamba mama huyu huificha miti thelathini katika hesabu ili madereva waondoke nayo kimya kimya. Jumamosi alilisema hilo mbele ya wapakizi wote.

Tangu siku hiyo hakuna anayekunywa chai karibu na Mbeyu. "Nikipita wananyamaza," anasema. "Yaniuma, mwanangu. Kuitwa mwizi si jambo la kulala ukalisahau."

Mwenye kiwanja, Mzee Ngala, ameamua kwamba leo rundo moja lifumuliwe, lihesabiwe hadi mchangani. Mbeyu akionekana mwongo, leo hii anafungasha.

Mwandishi wa makala haya naye alimshuku, na haoni haya kukiri. Akamwomba aeleze hesabu yake.

"Chukua rundo hili," Mbeyu akasema. "Lishike na mwenzake, umpindue kichwa chini, umlaze ubavuni. Safu ya kwanza, huku kumi na miwili, kule mmoja. Kumi na mitatu. Ya pili, kumi na mmoja na miwili. Kumi na mitatu. Ya tatu, kumi na mitatu tena. Safu zote kumi na mbili ni hivyo. Hiyo ni mia na hamsini na sita. Na marundo ni mawili, sivyo? Gawa."

Mwandishi alijumlisha kwa kalamu, safu baada ya safu, mara mbili. Ilitoka sabini na nane. Hata hivyo hesabu safi haithibitishi mikono safi.

Mpakizi Mwambire anaanza kushusha miti huku Nahashon akiitia chaki na kuhesabu kwa sauti. Sabini na sita. Sabini na saba. Sabini na nane. Wapakizi wanamgeukia Mbeyu.

"Bado!" Nahashon anapiga kelele. Chini kabisa, miti miwili imelazwa kukingama. "Sabini na tisa. Themanini! Si nilisema? Mbili mbili kwa marundo kumi na tano, hizo ndizo thelathini zangu!"

"Hiyo ni mito," Mbeyu anasema. "Rundo huilalia. Twachagua iliyo mibovu, mchwa waanze na hiyo. Haihesabiwi, haiuzwi."

Wakati marundo yakipangwa, Nahashon alikuwa ofisini. Hakuna aliyemweleza, kwa kuwa hapa kila mtu analijua hilo.

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Uliniita mwizi, hukuniuliza."

Mzee Ngala anainua mmoja wa ile mito. Unakatika mikononi mwake na mchwa wanamwagika. "Huu nitamuuzia nani?" anauliza.

Nahashon hajaridhika. Anazunguka kiwanja, anachutama kila rundo na kuchungulia chini yake. Miwili. Miwili. Haruki hata moja. Mwisho anafungua daftari na kuandika: mito, thelathini.

"Hesabu imekubali, mama," anasema.

Mbeyu anarudi kulipanga rundo lililofumuliwa. Baadaye anamwambia mwandishi, "Hesabu haikuwa na kosa tangu mwanzo. Alilonikosea mimi, hilo hajalisema."

Ana mpango wake. Katika shamba la marehemu mumewe amepanda mivinje, miche kumi mwaka wa kwanza, ishirini wa pili, na kuongeza kumi kila mwaka. Huu ni wa tano. "Mia na hamsini," anajibu kabla swali halijaisha. Ikikomaa atafungua kiwanja chake Magarini.

Je, ataajiri karani? Mbeyu anamtazama Nahashon, ambaye amerudi kuchungulia chini ya rundo la kumi na tano.

"Huyu huyu," anasema. "Siku ya kwanza ataniomba radhi mbele ya wapakizi. Siku ya pili ndipo nitampa daftari."