Taa za Stoo ya Mama

Uji wa wimbi una rangi ya udongo, ndiyo maana mavi ya panya hayaonekani ndani yake. Utayajua kwa meno. Mimi niliyajua Jumapili moja nyumbani kwa mama, kijijini Sironga, nikiwa nimeketi sebuleni na kikombe mkononi. Kitu kidogo kigumu kilivunjika kwenye gego, uchungu ukanipanda hadi puani. Nilitoka mbio nikatema chini ya migomba mpaka koo likawasha. Niliporudi kukichungulia kikombe, yalikuwamo mengine mawili.

Mama alikuwa ameshamaliza chake na anajifuta mdomo.

Miezi ile tumbo lilikuwa likimsumbua mara kwa mara, na daktari alishaniuliza mara mbili huyu mama anakula nini. Nilikuwa nikijibu kwa fahari: vyakula vya shambani, daktari, si vya madukani. Baba alishafariki, mama anaishi peke yake, na mimi nilikuwa nikimpelekea dawa huku uchafu ule ukimmaliza taratibu.

Unga aliuweka stoo. Marehemu baba aliijenga stoo hiyo ndani ya chumba chao cha kulala, kijichumba cha saruji kisicho na dirisha, na fundi wa umeme aliishia sebuleni. Humo mna unga, sukari, mablanketi, dawa zake, hata jembe.

"Kule ni giza, tata," aliniambia. Huniita tata, yaani baba, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita wana wao. "Nitajuaje kama panya ameingia?"

Basi kilichotakiwa ni taa ya betri. Shida ni kwamba sikuweza kwenda kupaona. Kwetu mwanamume akishatahiriwa haingii chumba anacholala mamake, na hilo halina mjadala. Ilibidi nichague taa ya mahali nisipopajua, na kuifunga aifunge mwenyewe.

Ya kwanza niliinunua sokoni Keumbu, kwa muuzaji aliyetandaza bidhaa zake kwenye turubai kando ya ndizi. Ilikuwa ya mviringo, ya kubonyeza, ya betri tatu, na ilinuka plastiki iliyoungua. Sijawahi kuwapenda wauzaji wa vitu vile. Kila kitu kwao ni orijino, na kila orijino hufa kabla hujafika nyumbani. Jumapili nilisimama ukumbini, mbele ya pazia zito la mlango wake, nikitoa maagizo kama mwalimu wa gwaride.

"Bandika juu ya rafu, mama. Umebandika?"

"Nimebandika."

"Bonyeza katikati. Imewaka?"

Nikasikia akibonyeza tena. "Bado ni giza tu."

Nilitukana moyoni. Wiki iliyofuata nikampelekea yenye sensa, ile inayojiwasha mtu akipita. Hii niliijaribu kwanza ndani ya kabati langu la nguo mjini Kisii, ikawaka vizuri mpaka nikaona ukungu kwenye makoti yangu. Mama akaipokea, akaingia, akapita mbele yake mara nne nikimhesabia hatua. Bado ni giza. Ya tatu ilikuwa ya kuchaji, bei ghali, na majibu yakawa yale yale. Nilirudi Keumbu nikamwita yule muuzaji mwizi mbele ya wateja wake.

"Mkubwa, sasa wewe unanionea," alisema, akachukua nyingine ya aina ile ile akaiwasha machoni pangu. "Hii si ni mwangaza? Ama unataka jua?"

Watu walicheka. Nikanunua ya nne kwa hasira, kubwa kuliko zote, na nikaondoka bila kumuaga.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kumwonea kinyaa hata mama mwenyewe, na sioni haya kulisema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Akimimina chai, alitumbukiza kidole ndani ya kikombe. Kidole hicho hicho kilichotoka kulisha ng'ombe. Gauni lake lilikuwa na matone ya mboga ya juzi. Nilikuwa nikiigusisha chai mdomoni na kuimwaga akigeuka. Nilijiambia uzee umemfanya mchafu, mwanamke aliyewahi kunichapa kwa ajili ya kucha chafu.

Jumapili ya mwisho nilimwomba dada yangu aje. Ameolewa upande wa Tabaka, na binti hana mwiko wa kuingia kwa mamake. Nilimkabidhi taa ya nne, nikamwambia mama kwa sauti, "Hii ya leo ndiyo yenye nguvu kuliko zote." Wakaingia wote wawili, nami nikabaki na pazia langu.

Dada alikaa ndani kwa muda mrefu. Nilisikia akikohoa, kisha akisema "Yesu wangu" kwa sauti ya chini. Nikadhani ameona panya.

Alipotoka, alikuwa amefunika pua kwa leso. Aliniambia unga una funza, na kwamba panya wamezaa ndani ya blanketi. Kisha akanivuta mkono hadi mlango wa nje.

"Taa zako zote zinawaka," alisema. "Zote tatu, na hii ya nne pia nimeiwasha. Amezibandika vizuri, kule ndani ni kama dukani. Panya amepita juu ya unga tukiwa tumesimama pale, na mama hakushtuka. Ameniuliza kama nimekuja na tochi."

Nilijionea kinyaa kuliko nilivyoyaonea yale mavi mdomoni, na hiki sikuwa na pa kukitemea.

"Anasema nje juani bado anaona kidogo," dada aliendelea. "Alidhani shida ni taa. Alidhani unamnunulia mbovu, akaona vibaya kukulalamikia."

Tulirudi ndani. Mama alikuwa bado stoo, na nilimsikia akipapasa rafu na kusogeza mikebe. Akaniita kutoka kule nyuma ya pazia, sauti yake ikiwa na furaha kabisa.

"Tata! Hiyo ya leo, ile yenye nguvu, mmeshaiwasha?"

Dada aliniangalia.