Swali la Mkoromo

Kabla ya kuinua simu dada wa takwimu alikuwa akikohoa kidogo na kumeza mate, kama mtu anayejiandaa kuimba. Nyumbani alikuwa na sauti ya kupasulia chupa. Ofisini sauti hiyo ilivua viatu mlangoni na kuingia nyumba za watu polepole.

"Pole sana kwa msiba, mama. Napiga kutoka idara ya takwimu za afya ya mkoa. Nina maswali machache, na ukichoka tunaacha."

Kila asubuhi hospitali zote za mkoa zilituma taarifa za watu walioletwa wamezidiwa na unga wa kulevya au vidonge vikali vya maumivu, na vyumba vya maiti vikatuma zao. Wengi walieleweka moja kwa moja. Lakini walikuwapo wale waliofia nyumbani, kitandani mwao, ambao cheti kilisema tu kwamba moyo ulisimama, kana kwamba yupo marehemu ambaye moyo wake unaendelea na shughuli. Hao ndio walikuwa wake. Aliwapigia ndugu zao, akauliza, akaandika majibu, na daktari wa idara akaamua: huyu ni dawa, huyu si dawa. Aliyeamuliwa kuwa ni dawa alipelekwa meza ya pili, kwa kijana ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Ramani, naye akamwekea nukta nyekundu kwenye ramani ya mkoa katika kompyuta yake.

"Mkoa umeota ndui," Bwana Ramani alikuwa akisema. Alikuwa mtu wa utani, lakini huo hakuusema akicheka.

Katika maswali yote, moja lilimwandama yule mwanamke hadi nyumbani. "Kabla hajafariki, je, alikoroma kuliko kawaida yake?"

Karibu wote walijibu sawasawa, kama waliosoma darasa moja. Ndiyo, alikoroma. Tena sana. Tulicheka. Tulisema leo angalau kapata usingizi. Tulifunga mlango asisumbuliwe. Mke mmoja alimfunika mumewe shuka akaenda kufua nguo uani, mkoromo ukimfuata hadi kwenye karai, na uliponyamaza alishukuru kwamba sasa mumewe anapumzika vizuri.

Swali hilo lilitungwa na daktari wa idara. Siku ya kwanza alimweleza maana yake bila kuzunguka. Dawa zile zikizidi, mwili husahau kupumua. Koo hulegea, na pumzi hupita kwa taabu kama maji katika bomba lililoziba. Aliye chumba cha pili hudhani ni usingizi mnono, kumbe mtu anazama juu ya godoro kavu.

"Ila usiwaeleze wafiwa," daktari alimwonya. "Ukiwaeleza, kila mtu atakwambia alikoroma, na takwimu zitaharibika. Halafu umwambie mzazi jambo kama hilo ili iweje? Ameshazika."

Yalikuwa maneno yenye akili. Ukatili wa ofisi ndivyo ulivyo: umechana nywele, umefunga vishikizo vyote, na una sababu.

Basi akabaki nayo peke yake ile siri ya wazi. Feni ya ofisini ilipokwaruza, aligeuka. Maji ya sinki yalipokuwa yakimalizikia kwenye tundu, alitega sikio. Hakuwahi kuusikia mkoromo wenyewe hata siku moja, aliusikia tu ukisimuliwa, na kitu cha kusimuliwa hakina umbo, kinakaa popote.

Nyumbani aliishi na mama yake na mdogo wake wa kiume, fundi wa mapaa aliyeteleza juu ya ghala akaanguka na kuumia mgongo. Hospitali ilimpa vidonge. Vilipokwisha, hospitali ilisema basi. Mgongo haukusema basi. Akaanza kupata vingine mitaani, kwa watu wanaouza kila kitu, katika karatasi zisizo na maandishi. Mwanamume mzima, mikono kama koleo, sasa alikuwa anashindwa kufunga kamba za viatu vyake.

Nyumba ile hakuna aliyekoroma kwa amani. Mama akisinzia kwenye kochi mdomo wazi, binti alimtikisa. Mdogo wake akianza tu kuvuta pumzi kwa sauti, mlango uligongwa. Wakampa jina Kengele.

"Wewe Kengele," mdogo wake alifoka Jumapili moja, amekaa kitandani macho mekundu, "siku nikifa si utaniamsha nikapige mswaki?"

"Usiseme hivyo."

"Dada, nimelala masaa mawili wiki nzima. Mawili! Nikilala unanipiga makofi nyayoni kama mtoto mchanga aliyekataa kulia. Unataka nini?"

"Nataka uache hivyo vidonge."

"Nipe mgongo wako, niviache leo hii."

Mama aliingia katikati, kitambaa cha kufutia vyombo begani. "Mwanangu, mwache mwenzio. Kila siku unasema mkoromo, mkoromo. Kila siku anaamka mzima anakutukana. Hebu niambie, huo unaousema wewe unatofautianaje na wa watu wote?"

Kengele akafungua mdomo. Aliyaandika majibu ya mkoa mzima, lakini hilo hakulijua. Tangu siku hiyo mdogo wake akawa anafunga mlango kwa komeo, na kila alipokuta mlango umefungwa, Kengele alisimama hapo nje akiweka sikio kwenye mbao hadi mama alipomwita aende zake.

Siku chache baadaye simu ya mezani kwake ililia. Si kawaida. Watu wa upande ule hawapigi, hupigiwa.

"Wewe ndiye yule binti wa maswali?"

Aliitambua sauti. Mama mzee, mwanawe aliyefariki alikuwa mshona viatu. Wiki iliyopita alikuwa amejibu yote bila kulia, kwa adabu, hata akamshukuru.

"Ndiye mimi, mama. Waendeleaje?"

"Nipo tu. Nimekaa hapa nafikiri. Maswali yako yote niliyaelewa. Ulitaka kujua alikuwa anakula nini, anatumia nini, anaumwa nini. Sawa. Lakini kwa nini uliniuliza kama alikoroma?"

Kengele alitazama mwongozo uliobandikwa ukutani. "Ni swali la kawaida tu, mama. Tunawauliza wote."

"Wote?"

"Ndiyo."

"Basi lina maana," yule mama alisema taratibu. "Mtu hawezi kuwauliza watu wote kitu kisicho na maana."

Feni ikakwaruza. Bwana Ramani aliacha kubofya.

"Asante kwa ushirikiano wako, mama," Kengele akasema, na akaweka simu chini kama anayeweka sufuria la moto.

Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwa Mkuu wa idara, mtu mpole mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia kifuani, akamwomba jambo moja: litolewe tangazo redioni. Maneno machache tu. Mtu anayetumia dawa hizi akikoroma usivyomzoea na asipoamka ukimtikisa, si usingizi, mwite daktari.

Mkuu alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa amelijua hilo siku zote. Hilo ndilo lililomuumiza Kengele zaidi.

"Sisi ni kipimajoto, dada yangu," alisema. "Kipimajoto hakitibu homa. Mambo ya kutangaza ni ya idara ya elimu kwa umma. Tutaliweka kwenye mapendekezo ya ripoti ya mwaka."

Kipimajoto, sawa. Lakini hata kipimajoto hutolewa kwapani kikasomwa kwa sauti. Hiki chao kilisomwa, kikafutwa, kikarudishwa kabatini. Na kule mitaani watu waliendelea kufungiana milango kwa upole ili wafe bila kusumbuliwa.

"Na kabla ya ripoti ya mwaka?" aliuliza.

Mkuu akavaa miwani yake. Mazungumzo yakawa yamekwisha.

Ikaja Alhamisi. Baada ya chakula cha mchana, ofisi ikiwa na ule uzito wa watu walioshiba, simu yake ya mkononi iliita. Mama.

"Nakupigia ufurahi," mama alisema, anacheka. "Mwenzio leo kalala. Kapata vidonge vipya, anasema vya mara hii ndivyo vyenyewe. Mlango hata hakufunga. Sikia mwenyewe, Kengele, halafu uniambie kama huu si usingizi wa baba mwenye nyumba!"

Akasikia kandambili za mama zikiburuta sakafuni, mlango ukilia, halafu simu ikasogezwa.

Kwanza kimya. Kimya kirefu, hadi akadhani simu imekatika. Kisha ukaja: mvuto mmoja mzito, wenye majimaji, unaokokotwa kutoka chini kabisa, unaishia njiani. Kisha kimya tena.

Hakuwahi kuusikia, na alikuwa ameusikia mara nyingi mno. Kila mama, kila mke, kila kaka aliyewahi kumjibu, wote walikuwa humo chumbani wamesimama wanausikiliza pamoja naye.

"Mama, mwamshe."

"Aa, umeanza."

"Mama, mwamshe sasa hivi! Mtikise!"

"Wewe mtoto, leo hapana. Kijana wa watu ana wiki hajalala. Nilikupigia tufurahi, wewe unaleta balaa lako la ofisini." Na akakata.

Kengele akapiga. Ikaita hadi ikakoma. Akapiga tena. Alijua mama anafanya nini: ameiweka simu juu ya meza, ameifunika kwa kitambaa isije ikamwamsha mtoto.

"Gari la wagonjwa!" alimpigia kelele Bwana Ramani, na sauti ya kupasulia chupa ikasikika ofisini kwa mara ya kwanza. Alimtajia mtaa na rangi ya geti. Bwana Ramani alishaanza kupiga.

Mara hii mama alipokea. "Nini lakini?"

Kengele akakohoa kidogo. Akameza mate. Ikatoka ile sauti yake ya kazi, ambayo mama yake hakuwahi kuisikia maishani.

"Mama, nisikilize. Sigombani. Nenda utazame midomo yake, uniambie ina rangi gani. Ukiona iko sawa, sitagonga mlango wake tena hadi nizeeke."

Kandambili zikaburuta. Zikasimama.

"Mwanangu," mama alisema. Kisha akasema tena, kwa sauti nyingine kabisa, "Mwanangu, imekuwa kama wino."

"Weka simu kitandani, uongeze sauti yake. Mlaze chali. Inua kidevu. Mbane pua, umpulizie mdomoni, hadi uone kifua kinapanda. Tena. Tena, mama. Usiache."

Ofisi nzima ilikuwa imesimama. Mkuu alikuwa mlangoni kwake, miwani mkononi. Kutoka kwenye spika ya ile simu ndogo walimsikia mwanamke mzima akimpulizia mwanawe pumzi, akipumzika, akimwita, "Baba! Baba, rudi! Baba yangu weee!", kisha akipuliza tena, hadi king'ora kikasikika kwa mbali na kuja karibu, na sauti za wanaume zikajaa chumbani.

Walimchoma sindano ya kuzindua palepale kitandani. Alipofumbua macho, jambo la kwanza alilofanya ni kumtukana dada yake, ambaye hakuwepo. Mama anasema hajawahi kusikia tusi tamu kama lile.

Kesho yake asubuhi taarifa za hospitali ziliingia kama kawaida. Mwanamume, alizidiwa na vidonge, aliletwa akiwa hai, amelazwa. Hakuna jina, idara haipokei majina. Kengele aliutazama ule mstari mmoja uliopangwa kati ya mistari ya watu wengine. Bwana Ramani akaja akasimama nyuma yake.

"Huyu simuwekei nyekundu," alisema. "Walio hai wana rangi yao. Naiweka mwenyewe."

Mdogo wake alikuwa hospitali, mgongo bado unauma vilevile, na siku ya kutoka ilikuwa inakuja. Hakuna kilichokwisha. Hilo Kengele alilijua. Lakini kulikuwa na deni moja ambalo hakuweza kulibeba hadi jioni. Akainua simu ya mezani, akakohoa, akameza mate.

"Mama, ni yule binti wa maswali. Nilikudanganya. Lile swali lina maana."

Akamweleza yote. Hakupunguza. Upande wa pili hapakuwa na kilio, ila pumzi tu, za taratibu.

"Kwa hiyo nilikuwa namsikiliza anakufa," yule mama alisema mwishowe. "Nilikuwa nachambua mboga, namsikiliza."

"Ndiyo, mama. Hukujua. Sisi tuliojua hatukusema."

Kengele alingoja simu ikatwe. Alistahili.

"Ninaye mdogo wake," yule mama akasema. "Tangu msiba anameza vilevile vya kaka yake. Sasa hivi yuko chumbani." Sauti ikashuka, kama anayeogopa kusikiwa. "Binti, huo mkoromo ukoje? Nitaujuaje?"

Kengele alitazama mwongozo ukutani. Alimtazama Mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake tena. Hapakuwa na maneno ya kuueleza, alikuwa ameyatafuta tangu jana.

Akausogeza mdomo kwenye simu, akafumba macho, akaukoroma. Kile kimya kwanza, kirefu. Kisha ule mvuto mzito unaokokotwa kutoka chini, unaoishia njiani.

Ofisi iliganda. Feni pekee ndiyo iliyoendelea.

"Rudia," yule mama alisema.

Akarudia.